Nafasi Namba 17, Chini ya Majabali

Nordal, Wisconsin
Desemba 28, 1993

Mjomba Orrin,

Hujambo huko kwenye barafu? Sisi wazima. Mama mzima, goti lake tu ndilo linalalamika akipanda ngazi za jiko la shule, na anasema halalamiki yeye, ni goti. Krismasi tumekula chapati za viazi mpaka vifungo vikagoma. Mimi bado niko kiwandani nageuza jibini. Mikono inanuka maziwa hata nikioga mara tatu, na jirani yetu Bwana Kubiak anasema paka wake wananipenda kuliko wanavyompenda yeye.

Sasa nikuambie jambo lenyewe kabla sijaingiwa na woga. Nataka twende kupiga kambi Coulter Bluff mwezi wa sita. Sisi watatu, wewe, mama na mimi. Na tunakwenda na Kobe, lile gari lako la kulala kambini.

Ndiyo, Kobe bado yupo. Yuko nyuma ya banda palepale mama alipomwegesha mwaka themanini na tano, theluji imemfika madirishani. Mama amesema gari hilo lisipotoka uani kabla ya tarehe nne Julai, Kubiak analichukua afugie kuku. Si mzaha, Kubiak ameshakuja na futi kupima mlango. Nikamwambia, "Bwana Kubiak, hiyo ni nyumba ya watu, ina kitanda, ina jiko, ina choo." Akasema, "Basi kuku wangu watakuwa na choo, wamenizidi mimi nilivyokuwa mdogo."

Najua wewe na mama hamjasemezana tangu mwaka huohuo. Mama anasema ulirudi rivasi vibaya ukagonga jabali. Wewe kwenye kadi yangu ya kumaliza shule uliandika kwamba dada yako hajawahi kujua kushoto ni wapi. Mimi nina miaka ishirini sasa na naona watu wazima wawili hawawezi kununiana karibu miaka tisa kwa sababu ya kushoto na kulia. Nataka mkae meza moja. Jabali lile likiwa juu yenu mtaona aibu kununa.

Fomu ya kuomba nafasi ninayo. Naituma kesho asubuhi niwe mtu wa kwanza jimbo zima, maana kwa majabali yale watu wanauana. Nimeomba nafasi yoyote yenye umeme isipokuwa namba 17, ile mliyogombania. Pa idadi ya watu nimeandika wawili, ukikubali nitawaambia tuko watatu.

Swali. Pampu ya maji inawashwaje? Na zile nyaya nyeupe chini ya sinki zilikuwa za nini? Nasema zilikuwa, maana panya wamezila.

Mama hajui kama nakuandikia. Au anajua, kwa sababu stempu zake zinapungua.

Mpwa wako,
Twyla


Superior, Wisconsin
Januari 8, 1994

Twyla,

Barua imefika. Mimi mzima. Meli imefungwa mpaka barafu iachie, nimebaki ndani kama mlinzi pamoja na fundi mmoja anayekoroma kuliko injini. Nawapikia watu wawili kwa sufuria la watu ishirini na nne. Pole kwa goti la Verna. Aweke maji ya moto, si barafu, watamdanganya aweke barafu.

Nyaya nyeupe ni za pampu, ndiyo maana haiwaki. Usiguse kitu kabla hujatoa betri. Betri yenyewe imekufa, lakini itoe tu.

Fomu umeituma mapema. Soma yale maandishi madogo. Muhuri wa posta lazima uwe wa Januari kumi au baada ya hapo, wakiona wa kabla wanairudisha. Kila mtu aliyewahi kulala kwenye hifadhi za jimbo hili anajua hilo.

Juni tunakuwa na kazi nyingi majini.

Mjomba wako,
Orrin


Nordal
Januari 21, 1994

Mjomba,

Huku ni baridi mpaka pua zinagandana ukivuta pumzi. Goti linashukuru kwa maji ya moto. Nilimwambia mama nimesoma kwenye gazeti.

Fomu imerudi. Imepigwa muhuri mwekundu mkubwa katikati, MAPEMA MNO, kama vile nimeiba. Na aliyepokea bahasha ni mama. Niliporudi kazini nikamkuta amekaa sakafuni jikoni, bado ana koti, ameshika fomu, anacheka. Mama, Mjomba. Anacheka mpaka anashika mguu wa meza.

Nikasema, "Kuna nini cha kuchekesha?"

Akasema, "Damu. Ni damu tu. Mjomba wako aliwahi kufika kambini siku nzima kabla ya siku yake, wakamfukuza langoni, akalala kituo cha mafuta na fimbo zake za kuvulia."

Amekutaja. Tena bila kukunja uso. Nikavua viatu polepole nisije nikaharibu. Halafu akanyoosha mkono. "Lete fomu nyingine. Nitajaza mimi. Wewe una haraka kama mtu aliyebanwa na haja." Akajaza mwenyewe mezani, mgongo amenigeuzia, akalamba bahasha, akaipeleka posta mwenyewe na lile goti lake.

Kwa hiyo sasa anajua ninachopanga, na hajasema hapana. Unaelewa maana yake? Mama akitaka kusema hapana huwa hachelewi.

Nimetazama ramani. Kutoka Superior mpaka hapa ni saa tano kwa gari, sita theluji ikiwa nyingi. Meli imeganda, Mjomba. Wewe hujaganda.

Twyla


Superior
Februari 6, 1994

Twyla,

Mzima. Baridi ni ileile. Fundi amepata mafua, sasa anakoroma na mchana.

Nimeandika mambo ya Kobe kama nilivyoyakumbuka. Tairi: usidanganywe na meno yake kuwa mazuri, tazama ubavuni, ukiona nyufa kama za matope yaliyokauka tupa zote sita. Gesi: paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, pakitoa povu panavuja, na usijaribu na kiberiti hata mtu akikuambia yeye hufanya hivyo. Kwenye bomba la jiko la joto nyigu wamejenga, hawakosi. Dari inavuja juu ya kitanda cha nyuma, ilikuwa inavuja hata nilipomnunua Kobe, niliambiwa ni jasho. Kabureta utaikuta imejaa utomvu wa petroli ya zamani. Ifungue juu ya kitambaa cheupe ili usipoteze vidude.

Breki ziangalie mara mbili. Ukimaliza ziangalie tena.

Nani ataendesha?

Orrin


Nordal
Machi 29, 1994

Mjomba Orrin,

Theluji imebaki kwenye vivuli tu na uani ni matope hadi kifundo. Mama amepewa jiko zima la shule, sasa ni mkubwa wa wapishi, anawaamrisha wanawake wanne na mashine moja ya kuosha vyombo inayotema maji. Ukoo wetu ni wa masufuria.

Kobe amenguruma. Jumamosi, saa nne asubuhi, baada ya kujaribu mara thelathini. Moshi ulitoka mweusi, Kubiak akakimbia kutoka kwake akidhani banda linaungua. Kabureta niliifungua juu ya shuka nyeupe ya mama, usimwambie. Nyigu walikuwepo. Tairi zilikuwa na nyufa, nimebadilisha. Nimesoma kile kitabu cha ufundi cha maktaba mara nyingi mpaka yule mama wa maktaba kaniambia nikichukue, nimeshakipaka grisi, hamna mwingine atakayekitaka.

Nitakayeendesha ni mimi. Kubiak ananifundisha kwenye shamba lake la mahindi lililolala. Ameweka marobota manne ya nyasi kama nafasi ya kambi, narudi rivasi katikati. Siku ya kwanza niliyaangusha yote manne. Nikawa napiga kelele, "Ingia, ingia wewe," na Kubiak anasema, "Binti, hiyo si ng'ombe. Haiogopi kelele. Zungusha usukani." Siku ya tatu niliangusha moja. Jana sikuangusha, Kubiak akavua kofia, akasema, "Basi kuku wangu wamekosa nyumba." Alikuwa na huzuni ya kweli.

Sasa kaa chini. Jibu la hifadhi limekuja. Ni kadi ya kijani. Ijumaa Juni 24 mpaka Jumatatu 27. Nafasi namba 17. Idadi ya watu: 3.

Mimi niliandika isiwe 17. Mimi niliandika wawili. Ile ya pili aliijaza mama.

Nikamwekea kadi mbele ya kahawa. "Mama, umeandika kumi na saba."

"Ndiyo nafasi nzuri. Jua la asubuhi linapiga jabali lote."

"Umeandika watatu."

"Nilihesabu."

"Ulimhesabu nani?"

Akaondoka na kikombe chake akaenda kulisha ndege. Alikaa nje akilisha ndege nusu saa, na ndege wenyewe hawakuwepo.

Kwa hiyo sasa si mimi tu ninayekuita. Sema utakuja.

Twyla


Nordal
Aprili 27, 1994

Mjomba,

Wazima. Maziwa makuu yamefunguka tangu mwezi uliopita na meli yenu imeshaondoka, nimesoma gazetini. Najua barua zenu zinapitia Detroit kwenye ile boti ya posta, mnazivuta juu kwa ndoo. Najua inachelewa. Lakini mwezi mzima, ndoo gani hiyo?

Nikuambie kitu ambacho mama hajui. Septemba naondoka. Nimekubaliwa chuo cha ufundi Eau Claire, injini za dizeli, mimi na wavulana thelathini. Niliandika kwamba nimejifunza mwenyewe kwa gari lililolala uani, wakanipigia simu kuuliza kama ni kweli. Nitamwambia kambini. Siwezi kumwambia hapa, hapa akisikia habari mbaya anafua mapazia.

Nikiondoka anabaki na ndege wake na simu isiyolia. Ana ndugu mmoja tu duniani. Ndiyo maana sikuachii.

Twyla


Melini, barua itashuka Detroit
Mei 6, 1994

Twyla,

Barua zako mbili nimezipata pamoja. Mimi mzima. Hongera kwa chuo, na ninasema kwa moyo. Mwombe mwalimu akuanzishe kwenye pampu za dizeli, huko ndiko wengi wanakoshindwa.

Mpongeze mama yako kwa cheo. Mashine ya vyombo ikitema maji, mpira wa mlango umechoka.

Juni sitaweza. Mpishi hawezi kuacha watu ishirini na nne bila chakula katikati ya msimu. Kuna ruhusa lakini lazima iombwe mapema. Chukueni rafiki yako mmoja awe wa tatu. Au mchukueni Kubiak.

Umejifunza vizuri kurudi rivasi. Kuwa na mtu nyuma kila mara. Asimame upande wa dereva, umwone kwenye kioo. Usipomwona, simama. Ukimwona ameinua mkono, simama. Hata kama unadhani anakosea. Hata kama una hakika.

Orrin


Nordal
Mei 13, 1994

Mjomba,

Leo sina habari za ndege wala za goti. Wazima sote, basi.

Nimesoma barua yako mara tano. Uliandika mistari mitano kuhusu mtu anayesimama nyuma ya gari, na mmoja na nusu kuhusu sisi. Jana nililala chini ya Kobe kufunga taa za nyuma, nikalitazama lile bampa. Sikuwahi kulitazama kwa chini. Limepinda katikati, si pembeni. Mtu akipewa ishara mbaya ya kushoto na kulia anagonga kona, Mjomba. Wewe uliingia moja kwa moja. Nimejifunza rivasi kwa marobota ya nyasi, najua sasa.

Nikuambie ninachokumbuka mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa jioni, mlikuwa mmevuta Kobe mbele kidogo apandishwe kwenye vile vipande vya mbao, maana ardhi ya 17 imeinama. Nakumbuka mama alinivuta kwa msuko wa nywele kwa nguvu mpaka nikaanguka chali. Nikasikia kishindo. Halafu wewe ukashuka unapiga kelele, watu wa kambi nzima wametoka na sahani zao mikononi. Halafu asubuhi hukuwepo, ulishapata lifti ya kwenda kaskazini, na mama akaendesha Kobe mpaka nyumbani bila kuwasha redio.

Mama hakuwahi kunivuta nywele kabla ya siku ile wala baada yake. Kwa hiyo nilijua nimefanya kosa. Sikujua kosa gani ila lilikuwa kubwa kiasi kwamba ukaondoka. Nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe kosa lenyewe nikaombe msamaha. Hii sijamwambia mtu, hata Kubiak, na Kubiak namwambia kila kitu.

Mama nimemuuliza, anasema, "Muulize Orrin." Basi nakuuliza. Kilitokea nini?

Usiniambie kuhusu mpira wa mlango.

Twyla


Melini, Ziwa Huron
Mei 26, 1994

Twyla, mpwa wangu,

Natumaini mko wazima. Mimi nimeanza barua hii mara nyingi, mabaharia wananiuliza kwa nini supu imeungua siku mbili mfululizo.

Hukufanya kosa lolote. Nianze na hilo, ili hata ukichoka kusoma uwe umelipata.

Siku ile nilikuwa nimeanza kunywa brandi mchana. Kambini kila mtu ana kikombe mkononi, hakuna anayehesabu, mimi nikiwa wa kwanza kutohesabu. Jioni Verna akasema tuache mpaka asubuhi, gari limeinama kidogo tu, hatutadondoka kitandani. Nikasema mimi ninaendesha tangu kabla hajavaa viatu vya kamba. Akaenda kusimama nyuma, kwa sababu alijua nisipokuwa na mtu nyuma ni mbaya zaidi.

Wewe ulikuwa umechuchumaa nyuma ya Kobe, unazipanga zile mbao sawasawa kama nilivyokufundisha. Mimi ndiye nilikutuma uzipange. Nilisahau.

Verna aliinua mikono yote miwili. Nilimwona. Hili ndilo sijawahi kulisema. Nimekuwa nikisema hakuonekana, nikisema alionyesha kulia, nimelisema mpaka nikaanza kuliamini. Nilimwona vizuri kwenye kioo, mikono yote juu, mdomo wazi. Nikajisemea, Verna ana wasiwasi wake. Nikakanyaga mafuta.

Hakukuvuta nywele kukuadhibu. Msuko ndio ulikuwa karibu na mkono wake. Bampa lilipiga jabali pale kilipokuwa kichwa chako. Mbao mbili zilivunjika.

Nikashuka nikamkaripia yeye mbele ya watu, kwamba hajui kushoto wala kulia. Alikuwa amekubana kwenye tumbo lake na hakujibu neno. Angeweza kuniambia palepale na watu wote wangejua. Hakusema kwa sababu wewe ulikuwa unasikiliza. Kisha kwa miaka yote hii akaniacha niendelee kusema alikosea yeye, na sikuwahi kumwandikia hata kadi, kwa sababu kwenye kadi ya kwanza ningeandika nini.

Sijaonja pombe tangu Machi ya mwaka themanini na nane. Sisemi ili nisifiwe. Nasema ili ujue nani anakuandikia.

Ile 3 kwenye kadi ya kijani imeninyima usingizi. Nilidhani amesahau. Verna hasahau kitu. Kisha nikadhani anataka nije nione mwenyewe jabali lile. Sijui anataka nini. Nimeacha kukisia.

Naomba ufanye jambo moja. Msomee barua hii. Usimpe asome mwenyewe, ataiacha nusu. Msomee kwa sauti, yote, hata pale pa mikono, hasa pale pa mikono. Nataka asikie nimelisema kabla hajaniona uso, ili kama hataki kuniona awe na nafasi ya kukataa.

Ruhusa nilishaiomba Mei, siku ileile nilipopata habari ya kadi. Nilikudanganya kuhusu hilo pia. Kuna mpishi wa badala. Juni 21 tunapakia Superior, naweza kushuka hapo. Kuna basi la Alhamisi ya tarehe 23 linalofika La Crosse mchana. Akisema ndiyo, niandikie kwa anuani ya bandari ya Superior. Akisema hapana, niandikie pia. Usinyamaze kwa kunihurumia.

Sitagusa usukani.

Orrin


Nordal
Juni 6, 1994

Mjomba,

Wazima. Nakuandikia saa hiihii, mikono bado ina sabuni.

Nilimsomea Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa anamenya viazi. Nilipofika pale pa brandi akaendelea kumenya. Nilipofika pale pa mikono nikaweka barua chini, na yeye bila kuinua kichwa akasema, "Soma." Nikasoma. Kisu kilisimama kwenye kiazi mpaka nikamaliza, hata sahihi nilisoma.

Nikasema, "Mama, sema kitu."

Akasema, "Mikono yote miwili."

"Ndiyo. Ameandika hivyo."

"Nilianza kuwaza labda niliinua mmoja. Mtu akiambiwa jambo miaka yote hiyo anaanza kuwaza." Akafuta macho kwa mkono wenye maganda, kipande cha ganda kikabaki shavuni, sikuthubutu kumwambia. Kisha akanitazama kwa hasira. "Na wewe. Kosa gani ulidhani umefanya?"

"Sijui, mama. Kosa tu."

"Miaka tisa unakaa na upuuzi huo kichwani, chini ya paa langu, ukila chakula changu, na huniulizi?"

"Nilikuuliza Mei, ukasema nimuulize Mjomba."

"Mei," akasema. "Mei." Akaja akanishika kichwa kwa mikono yote miwili yenye wanga wa viazi, akakibana kwa nguvu, kama anapima tikiti maji sokoni. Alikishika muda mrefu. Nywele zangu mpaka sasa zimekauka kama zimepigwa pasi.

Nikaona niendelee hapohapo, nikamwambia na la Eau Claire. Akasema alijua tangu Aprili, chuo kilipiga simu nikiwa kiwandani. Mapazia ameshayafua.

Kwa hiyo kila mtu nyumba hii alikuwa anajua kila kitu, ila mimi na wewe.

Nikamuuliza nikujibu nini. Akasema ana viazi vya kumaliza. Nikamuuliza tena wakati wa chakula, akasema nipitishe siagi. Leo asubuhi nikamwambia barua lazima itoke leo, boti na ndoo na bandari, ichelewe siku mbili tu umekwama, na mimi siandiki ndiyo wala hapana ambayo sijaisikia kwa masikio yangu. Akasema, "Acha karatasi hapo mezani, nenda kazini."

Sasa nimerudi kazini, na sijui ameandika nini chini hapa. Amesema nifunge bahasha bila kuchungulia. Nachungulia, bila shaka.

Twyla


Orrin,

Basi linafika La Crosse Alhamisi saa nane na robo. Nitakuja kukuchukua mimi, Twyla atakuwa kazini. Nitasimama upande wa dereva wa basi.

Lete koti. Chini ya jabali usiku kuna baridi.

Verna